Wageni kumi, meza ya watu wanne: vile mimi hupanga

Kwa aliyeuliza apange meza vipi, wazazi wa bwanako wanakuja Jumapili na mashangazi, jumla watu kumi, nyumba ni chumba kimoja cha kulala huko Kasarani, meza ya watu wanne na pesa si mingi. Wengi wamekuambia ununue kava za viti na maua ya plastiki. Mimi napinga, hiyo pesa weka kwa nyama.

Dada, hao watu hawatakaa mezani. Watakaa sitting room na sahani mkononi, wazee wakiwekewa stuli, sasa mbona upange meza ya kukaliwa? Ipange ya kupakulia. Toa viti vyote upeleke sitting room, vuta meza kutoka kwa ukuta kidogo ndio watu wapite pande zote mbili, hapo laini inaenda haraka na chapati hazipoi. Mwanzo sahani, halafu pilau na chapati, halafu nyama, mboga, kachumbari, na vijiko na savieti ziwe mwisho kabisa, juu mtu akishika kijiko mapema anabaki na mkono mmoja wa kufungua hotipoti na kupakua, na hapo ndio mchuzi humwagika. Kila bakuli na mwiko wake tayari ndani yake ama kando, mgeni asikuje kukuita jikoni ati unaweza nipatia kijiko kikubwa.

Lakini mkwe mzee hapangi laini, huyo na shangazi wenye shida ya magoti wapelekewe kwa trei. Na uliza kwanza kama atakula kila kitu, usimjazie.

Sasa urembo. Enda Biashara Street ununue leso, doti moja ina vipande viwili, kimoja kina kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, kwa hiyo meza yako ya watu wanne inafunikwa vizuri na inaning'inia kidogo pande zote. Kikate kitengane na kingine, pinda ncha, piga pasi kikiwa na unyevu kidogo ndio ile mikunjo ya dukani iishe. Hicho kingine weka juu ya kabati ama meza ndogo ya vinywaji, rangi zifuatane. Halafu tafadhali soma jina la leso, yale maneno yameandikwa juu yake, kabla ulipe!! Kuna zingine zina mafumbo ya wivu na majirani wabaya, utatandikia mama mkwe maneno na wewe hujui, atasoma yote akipakua na hatasema kitu hadi afike nyumbani.

Chini ya kitambaa, katikati ya meza, weka sufuria imepinduliwa, kisha juu yake bakuli la matunda. Meza ikiwa na kitu kimeinuka katikati na vitu vya chini kando inaonekana imejaa hata kama chakula ni kidogo, na watu hawapiti mkono juu ya sufuria moto.

Maua nunua halisi, waridi si ghali Nairobi vile watu hufikiria, ziko pale City Market na kwa wauzaji wa kando ya barabara. Kata shina mshazari, toa majani yote yatakayoingia kwa maji maana yakioza maji yananuka na ua linalegea, zikate fupi uweke kwa glasi ya kawaida. Zikae kwa kona, si katikati ya chakula. Mishumaa ya manukato wachana nayo, pilau ina harufu yake. Sahani zisizofanana hakuna shida, hata za mitumba Gikomba, bora zote ziwe nyeupe ama rangi za kukaribiana, ila pitisha kucha pembeni polepole, ikikwama hapo kuna ufa, acha hiyo.

Kitu watu husahau kabisa ni kunawa, na hicho ndicho mgeni anakutana nacho kabla aone hata hiyo meza. Maji ya vuguvugu, jaribu kwa kifundo cha mkono kama ya mtoto, jagi lenye mdomo mwembamba ndio yatiririke polepole, beseni safi, taulo kavu begani kwa anayenawisha. Anza na mzee kuliko wote. Mpe hiyo kazi mtu mpole, na asiwe mtoto wa kucheka cheka.

Taa sina mengi, watakuja mchana, fungua pazia. Wakikaa hadi usiku balbu ya rangi ya joto, ile imeandikwa 2700K, inafanya chakula kipendeze kuliko ile nyeupe ya kama duka la dawa.

Viti omba jirani leo, usingoje Jumapili asubuhi juu siku hiyo kila mtu kwa ploti ana wageni wake.