Kijana, bima ya gari na kozi ya udereva wa kujihami

SWALI: Ndugu wahariri, tunaishi Syracuse, jimbo la New York. Mwanangu ana miaka 19 na amenunua Honda Civic kwa jina lake. Bima ni dola 2,900 kwa mwaka. Tuliambiwa akisoma kozi itapungua. Tukampelekea wakala cheti cha kozi ya saa 5, lakini hakupunguza hata senti. Tumedanganywa?
Mama wa Syracuse

JIBU: Hapana, mama, ila mmepeleka cheti kisichohusika. Kozi ya saa 5 ni ile anayosoma mwenye leseni ya lena kabla ya kufanya mtihani wa barabarani, na kazi yake inaishia hapo. Yenye punguzo ni kozi ya udereva wa kujihami iliyoidhinishwa na DMV, yaani idara ya magari na leseni ya jimbo, chini ya mpango wa kupunguza pointi za makosa na bima uitwao PIRP. Hiyo ina dakika 320, darasani au mtandaoni, na ada yake mara nyingi ni kati ya dola 25 na 50. Kabla ya kulipa, hakikisheni mtoaji wa kozi yumo kwenye orodha ya DMV. Kozi nzuri ya jimbo jingine haitambuliwi.

Akishaimaliza, sheria ya New York inailazimu kampuni ya bima kupunguza asilimia 10 kwa miaka 3. Umri hauangaliwi. Hata hivyo asilimia hiyo haikatwi kwenye dola zote 2,900. Inakatwa kwenye kiwango cha msingi cha sehemu tatu: madhara kwa watu wengine, matibabu yasiyojali nani ana kosa, na mgongano. Sehemu ya wizi na moto haiguswi. Kwa mfano, ikiwa sehemu hizo tatu zinafika dola 2,400, mtaokoa kama dola 240 kwa mwaka, au 720 kwa miaka mitatu. Kwa kozi ya dola 40, sisi tunasema asome.

Mpelekeeni wakala cheti ndani ya siku 90. Mkifanya hivyo, punguzo linahesabiwa tangu siku aliyomaliza kozi. Mkichelewa, fedha ya miezi iliyopita hairudi. Andikeni pia tarehe ya mwisho wa miaka 3, kwa sababu siku hiyo punguzo linakatika na itabidi aisome kozi upya.

Familia nyingi hukwama hapa: punguzo linamfuata dereva mkuu wa gari husika. Mwanao yuko salama, kwani gari ni lake na yeye ndiye anayeliendesha. Lakini kijana aliyeandikwa tu kama dereva wa ziada kwenye gari la baba hatapata kitu kwa cheti chake. Hapo baba ndiye asome kozi. Na wakisoma wote wawili, gari moja linapata punguzo moja tu.

Tusisahau pointi, yaani alama anazoandikiwa dereva kwa makosa ya barabarani. Kozi hiyo hupunguza hadi pointi 4 katika hesabu ya DMV ya kusimamisha leseni, kwa makosa yaliyotendwa kabla ya kuimaliza. Kosa lenyewe linabaki kwenye rekodi, na kampuni ya bima inaliona. Mwanao akikamatwa na simu mkononi ni pointi 5. Ikiwa bado yuko katika miezi 6 ya kwanza tangu afaulu mtihani wa barabarani, leseni inasimamishwa siku 120. Hakuna punguzo litakalofidia hilo, mama, kwa hiyo zungumza naye juu ya simu kabla ya kuzungumza juu ya kozi.

Mkihamia jimbo jingine, ulizeni upya. Pennsylvania, kwa mfano, sheria inawapa punguzo la kozi madereva wa miaka 55 na zaidi, si vijana. Kama bado anasoma, mwambieni wakala aangalie punguzo la mwanafunzi mwenye alama nzuri. Kampuni nyingi wanalo, na wastani wa B kwa kawaida unatosha.

SWALI: Nina miaka 22, nipo Mombasa. Je, cheti kama hicho kitanishushia bima ya Demio yangu?

JIBU: Kwa gari binafsi, usikitegemee. Kenya bima kubwa hutozwa kwa asilimia ya thamani ya gari, na umri wako unajitokeza zaidi siku ya ajali: mikataba mingi humbebesha kijana, au mwenye leseni changa, kiasi cha ziada cha kulipa mwenyewe kabla kampuni haijalipa. Soma kipengele hicho kabla ya kutia sahihi, na umwombe wakala akuandikie kiasi chenyewe kwa shilingi. Uliza pia punguzo la kutodai, ambalo huongezeka kila mwaka unaopita bila madai. Kozi isome kwa ajili ya barabara ya Mombasa na Nairobi, yenye malori mengi usiku.

Usikubali ushauri wa kukata bima kwa jina la mzazi wakati dereva ni wewe. Kampuni ikigundua kwamba ilifichwa dereva halisi, inaweza kukataa madai yote, na gari likabaki hasara yenu.