Chakula cha jadi Zermatt kwa asiyekunywa pombe

Ndugu, kwa kuwa umeuliza uagize nini katika mgahawa wa jadi wa Zermatt, mji wa milimani nchini Uswisi, ilhali wewe hunywi pombe wala huli nguruwe, ningekushauri uanze na raclette, chakula cha asili cha jimbo la Valais, ambapo nusu ya gurudumu la jibini husogezwa karibu na moto hadi uso wake uyeyuke, kisha mpishi hukwangua jibini hilo moja kwa moja kwenye sahani yenye viazi vya kuchemsha, matango madogo na vitunguu vya achari. Ni chakula kizuri mno baada ya siku nzima ya kuteleza kwenye theluji, na hakipikwi kwa mvinyo. Fondue, yaani jibini la kuyeyushwa la kuchovyea mkate, kinyume chake, huyeyushiwa ndani ya mvinyo mweupe, na mara nyingi huongezwa pombe kali ya matunda ya cheri. Usidhani kwamba moto huondoa kilevi chote. Sinia la nyama kavu pia mara nyingi huwa na nyama ya ng'ombe pamoja na ya nguruwe, kwa hiyo uliza kabla ya kuagiza. Agiza chai ya moto, na uweke nafasi mapema, kwani msimu wa theluji meza hujaa.