Kuanza VR bila miwani

Je, ni lazima ununue miwani ya VR (uhalisia pepe, yaani dunia ya kompyuta inayokuzunguka ukiivaa) ndipo uanze kutengeneza programu zake? Hapana. Unity ni programu ya kutengenezea michezo na dunia za 3D; toleo lake la Unity Personal ni la bure, na kwenye kifurushi chake cha nyongeza kiitwacho XR Interaction Toolkit kuna sampuli inayoitwa XR Device Simulator. Ukiiingiza kwenye mradi wako, kipanya na kibodi vinashika nafasi ya kichwa na mikono: unatembea, unashika vitu, unabonyeza vitufe.

Usichokipata hapo ni vipimo halisi na kasi. Meza inayoonekana sawa kwenye skrini inaweza kukufika kifuani ukivaa miwani, kwa hiyo shika tangu mwanzo kuwa yuniti 1 ya Unity ni mita 1. Na miwani inayoonyesha fremu 72 kwa sekunde inakuachia milisekunde 13.9 hivi kuchora kila fremu, tena kwa macho yote mawili. Ukizidisha, picha inakwamakwama na mvaaji anapata kichefuchefu.

Ukija kupata Quest, miwani ya VR ya kampuni ya Meta, kumbuka inatumia Android. Kupitia Unity Hub, programu ya kusakinishia Unity, weka Android Build Support pamoja na zana zake za SDK, NDK na OpenJDK, washa hali ya msanidi (inayokuruhusu kuweka programu zako mwenyewe kwenye miwani) kwenye app ya simu ya Meta, halafu chomeka waya wa USB kati ya miwani na kompyuta. Kompyuta isipoiona, angalia waya kwanza, maana kuna nyaya za kuchajia tu zisizopitisha data. Kama waya ni mzima, ivae: ombi la ruhusa ya USB linatokea ndani ya miwani kwenyewe, na ukiiacha mezani hutaliona kamwe.