Bonasi isubiri matokeo

Swali la wiki hii linauliza kwa nini viongozi wa kampuni kubwa hawatazami mbali, na kama semina za maadili zinasaidia. Naanza na hilo la pili: zinasaidia kidogo sana, ikiwa malengo anayopewa mfanyakazi yanamsukuma adanganye.

Chukueni benki ya Wells Fargo ya Marekani. Uongozi ulitaka kila mteja awe na huduma 8 za benki: akaunti ya hundi, ya akiba, kadi na nyinginezo. Sasa mfikirieni mfanyakazi wa dirishani. Mteja aliye mbele yake anataka akaunti moja tu, basi. Meneja naye anadai hesabu ya mauzo kila siku, na kazi ikipotea, kodi ya nyumba hailipiki. Wengi walianza kufungua akaunti bila mteja kujua, wengine wakibuni hata anwani za barua pepe. Benki ilipotozwa faini ya dola milioni 185 mwaka 2016, wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wameshafukuzwa. Na semina za maadili walikuwa wakipewa! Wakubwa waliguswa mwisho. Aliyekuwa mkurugenzi mtendaji, John Stumpf, alinyang'anywa jumla ya dola zipatazo milioni 69, lakini baada ya kashfa kulipuka hadharani.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali la kwanza. Kiongozi hulipwa kwa faida ya mwaka huu, ilhali hasara ya uamuzi wake huweza kuja miaka kumi baadaye, yeye keshastaafu au kahamia kwingine. Kwa utaratibu huo, nani atajisumbua kutazama mbali?

Wapo wachache wanaotazama mbali, ni kweli. Mwaka 1982 watu 7 walikufa eneo la Chicago baada ya mtu asiyejulikana kutia sumu ya sianidi kwenye vidonge vya Tylenol, dawa ya maumivu. Sumu haikutoka kiwandani, na James Burke, aliyeongoza kampuni iliyotengeneza dawa hiyo, Johnson & Johnson, angeweza kujitetea kwa hilo. Badala yake kampuni iliondoa madukani chupa zipatazo milioni 31, kwa gharama ya dola zipatazo milioni 100. Dawa ilirudi katika kifungashio kinachoonyesha kama kimeguswa, na wateja wakarudi. Namheshimu sana kwa hilo. Lakini kampuni hiyohiyo, miaka mingi baadaye, imekabiliwa na maelfu ya kesi kuhusu poda yake ya watoto. Hatuwezi kutegemea kwamba kila atakayekalia kiti kile atakuwa Burke.

Ndiyo maana nataka malipo yacheleweshwe. Tangu 2015 benki za Uingereza zinatakiwa ziwe na uwezo wa kudai bonasi zilizokwisha kulipwa, hata miaka 7 baadaye, mhusika akibainika kutenda kosa. Kila kampuni yenye hisa sokoni ingefuata mfano huo, na sehemu kubwa ya bonasi ingekuwa hisa ambazo kiongozi haruhusiwi kuuza mpaka miaka kadhaa ipite tangu aondoke. Watakaosema vipaji vitakimbia, nawauliza: mtu asiyekubali kusubiri matokeo ya kazi yake mwenyewe, bodi inamtaka ya nini?

Na kabla bodi haijapitisha malengo ya mauzo, wajumbe wake wakae na wauzaji wenyewe, bila meneja kuwapo, wawaulize malengo hayo yatafikiwaje.