Neno "sawa" na ufunguo wa gari

Bwana asifiwe, wapendwa. Kijana mmoja anayemaliza chuo cha Biblia aliniandikia juzi kwamba amepangiwa timu ya umisheni yenye watu wa mataifa matano, akataka kujua ajiandae vipi. Nilianza kumjibu kwa simu, jibu likawa refu kuliko waraka wa Paulo kwa Filemoni, nikaona bora niliandike hapa.

Nilitumika miaka tisa chini ya Mlima Hanang, mkoani Manyara, kati ya Wadatoga. Tulikuwa wanane: nesi Mjerumani, mchungaji Mkorea na mkewe, kaka mmoja Mkenya wa Kakamega, mwalimu kutoka Bukavu, Kongo, mwinjilisti Mdatoga, mpishi wetu Mwiraqw ambaye wote tulimwita Mama, na mimi Mhaya wa Bukoba. Lugha saba za nyumbani kwenye meza moja ya chakula, na meza yenyewe ilikuwa na mguu mbovu.

Kabla ya kwenda tulipewa semina ya wiki mbili. Tukafundishwa kwamba Mzungu anaangalia saa na Mwafrika anaangalia mtu, kwamba mkono wa kushoto haupokei kitu, kwamba kaptula si vazi la ibada. Yote yalikuwa juu ya Mzungu na Mwafrika. Hakuna aliyeniambia kwamba wa kwanza kuniliza angekuwa Mkenya.

Kaka yetu wa Kakamega alikuwa mchapakazi, na mtu wa maombi kwelikweli. Lakini mezani alisema, "Nipe chumvi." Asubuhi alisema, "Leta ufunguo." Kwetu hayo ni maneno ya askari kwa mahabusu, mtu mzima husema "naomba". Mama alivumilia wiki tatu, ya nne akaacha kumpakulia. Siku kaka huyo aliponiambia mbele ya wageni, "Wewe ndiye unachelewesha kazi," nililia jikoni kama mtoto. Baadaye sana alinieleza upande wake: miezi yote ile alituona Watanzania ni wanafiki. Kila kitu pole, samahani, shikamoo, naomba, halafu ripoti haijaandikwa. Nikajitetea, lakini ni kweli ripoti ilikuwa haijaandikwa.

Mwalimu wa Bukavu naye alisema "niko nakuja" na "batoto", sisi tukacheka. Alisema tena, tukacheka tena. Nilidhani ni utani wa upendo. Nesi akikosea ngeli tulimpigia makofi, anajitahidi. Huyu aliyezaliwa na Kiswahili chake tulimsahihisha kama mtoto wa darasa la pili. Akanyamaza vikaoni karibu mwezi mzima, tukasema labda ana malaria.

Kwa hiyo ukifika, mchunguze kwanza yule unayedhani mnafanana. Kwa Mkorea ulikwenda umejiandaa kushangaa, na ukishangaa unasamehe. Kwa jirani hukujiandaa, kwa hiyo kila alichofanya unakihesabu kuwa ni tabia mbaya.

Sasa nije kwenye neno "sawa", maana limetutesa kuliko yote.

Vikao vyetu vilikuwa kwa Kiingereza, na mwenyekiti alikuwa mchungaji Mkorea kwa kuwa ndiye mkubwa kwa umri. Akitoa wazo anauliza kwa Kiswahili, "Sawa?" Nasi tunajibu, "Sawa." Nesi anaandika kwenye muhtasari: imekubaliwa. Basi mwaka wa kwanza mchungaji akapendekeza maombi ya pamoja kila siku saa kumi na moja alfajiri. Makanisa mengi ya kwao yana ibada ya alfajiri, na kwake siku isiyoanza hivyo ilikuwa kama haijaanza. Sawa? Sawa. Juma la kwanza tulikuwa saba, la tatu alibaki yeye na mkewe. Akahitimisha kwamba hatuna njaa ya Mungu. Kumbe saa hiyo Mama alikuwa anakamua ng'ombe, mwinjilisti alikuwa anakaa mbali na usiku kule kuna fisi, na mimi, niseme ukweli, nilikuwa nalala.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji nimweleze kwamba sawa ziko nyingi. Kuna sawa ya nimekubali. Kuna sawa ya nimekusikia, endelea. Na kuna sawa ya siwezi kukukatalia mbele ya mkeo, tutaonana mbele ya safari. Mjerumani aliandika zote tatu kwa neno moja.

Aliyetutoa hapo ni mke wa mchungaji. Miaka miwili hakuwahi kufungua kinywa kwenye kikao, kwa sababu Kiingereza kilimpita pembeni. Ila Kiswahili alikuwa amekisoma Morogoro miezi minne pamoja na nesi, na sokoni Katesh alikuwa anapatana bei ya maharage hadi wauzaji wanamkimbia. Siku moja akasimama akasema kwa Kiswahili: kuanzia leo tuseme lugha ya sokoni. Tukabaki tunatazamana.

Kikao cha saa moja kikawa saa mbili na nusu. Nesi aliyezoea kuongea kuliko wote akawa anatafuta neno moja moja, kama anayeokota mchele uliomwagika. Usiku mmoja akaniambia sasa ameelewa kwa nini nilikuwa kimya vikaoni miaka ile: ni ugumu wa lugha. Nikamwambia hapana, nilikuwa kimya kwa hasira. Tukacheka mpaka Mama akatugongea ukuta. Ndani ya mwezi huo, suala la alfajiri lilimalizika kwa dakika kumi. Mkesha wa Ijumaa sisi tulikuwa nao siku zote. Kumbe na kwao mkesha wa Ijumaa upo. Tukaweka Ijumaa. Wakorea huomba wote kwa pamoja kwa sauti, sawasawa na Wapentekoste wetu, kwa hiyo aliyepata shida ni Mjerumani peke yake, naye akajitafutia pamba za masikio.

Jambo la kupatana baada ya ugomvi nalo lilitugharimu, na hapa kosa lilikuwa langu. Bibi yangu aliokoka katika ule Uamsho wa Afrika Mashariki uliofika Bukoba miaka ya 1930. Nimekua nikisikia habari za Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church waliokutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929, wakasali na kusoma Maandiko pamoja kama ndugu, wakati ambapo Mwafrika na Mzungu kukaa hivyo halikuwa jambo la kawaida. Bibi aliita kuungama mbele ya wenzako "kutembea nuruni". Nikaileta kwenye timu: kila Alhamisi, duara, kila mtu amwambie mwenzake lililo moyoni. Wiki ya pili mwalimu wa Bukavu, mdogo kwa umri, akamwambia mchungaji usoni kwamba ana upendeleo. Alichosema kilikuwa kweli. Mchungaji akainuka taratibu, akaenda chumbani, na siku kumi akawa analetewa chakula huko.

Nilisahau kwamba nyumbani kwetu wenyewe hakuna anayejipelekea posa. Tukamtafuta mshenga. Akawa Mama mpishi, kwa sababu hakuwa na cheo cha kumtisha yeyote na chai yake kila mtu aliinywa. Ukiwa na neno na mtu, unampelekea Mama. Yeye analipeleka kwa wakati wake, kwa maneno yake, na akiona halifai analimeza. Duara la Alhamisi likabaki la kushukuru tu. Najua wapo watakaosema huko ni kuikwepa nuru, na Mathayo 18 inasema umwendee mtu. Mathayo 18 inasema pia umwendee peke yake kwanza, jambo ambalo duara langu lilikuwa limeliruka.

Fedha sasa, na hapa sitazunguka. Gari letu lilinunuliwa na wafadhili wa nje, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa mchungaji. Hakuwa mchoyo hata kidogo. Lakini usiku mmoja wa mvua mwinjilisti alikuja na habari ya mama aliyeshindwa kujifungua, akasimama mlangoni kwa mchungaji karibu nusu saa akiogopa kumwamsha mkubwa. Nesi ndiye aliyemkuta alipotoka na tochi. Mchungaji alipoamka aliendesha mwenyewe mpaka hospitali ya Haydom, bado na nguo za kulalia. Yule mzazi na mtoto walipona. Njiani kurudi hakuna aliyezungumza.

Asubuhi yake ufunguo ulitundikwa kwenye msumari jikoni, na daftari la mafuta pembeni yake: nani, wapi, kilomita ngapi. Tukaanza pia kumpa kila mtenda kazi masurufu ya mwezi, mwinjilisti sawa na mgeni, kila mmoja akirejesha kwa risiti. Kabla ya hapo mwinjilisti alikuwa analipa bodaboda kwa hela yake kwenda kuona wagonjwa, huku sisi tunakwenda mjini na gari kutafuta mtandao.

Nilikwenda kusoma upya Matendo 6. Wajane wa Wayahudi wanaosema Kiyunani walikuwa wanasahauliwa kwenye mgao, manung'uniko yakatokea. Tazama majina ya saba waliochaguliwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kiyunani. Mitume hawakuita semina ya umoja. Walikabidhi mgao kwa upande ulionung'unika. Nimehudhuria semina nyingi za umoja na sikumbuki hata moja iliyomaliza kwa kukabidhi sanduku.

Mishahara hatukuweza kuilinganisha. Mgeni aliletewa na kanisa lake mara nyingi ya kile mwinjilisti alichopata kwa sadaka za sharika zetu, na hatukuwa na dawa. Tulichofanya ni kuacha kuficha, na kuacha zile safari za mapumziko za kuchangishana ambazo wawili walijisingizia ugonjwa kila mwaka.

Na kuandaa watenda kazi? Miaka mitatu ya kwanza tulimpeleka mwinjilisti kwenye semina. Alirudi na vyeti na kalamu, na posho, ambayo ilimsaidia kuliko vyeti. Tulimwona ni wa kufundishwa. Mimi hasa, kwa kuwa ni Mtanzania, nilijihesabu mwenyeji. Basi siku moja ibadani nikaomba kwa sauti, kwa machozi, "Bwana, uwakumbuke hawa Wamang'ati." Baada ya ibada mwinjilisti akaniita kando, akaniambia kwa upole kwamba hilo jina wamepewa na Wamasai, na maana yake ni adui. Nilikuwa nawaombea watu huku nawaita maadui, na nilikuwa nimefanya hivyo miaka miwili.

Ni yeye pia aliyetueleza kwa nini wazee walinyamaza kila gari letu liliposimama. Kuanzia miaka ya 1970 shirika la umma la NAFCO lilifungua mashamba makubwa ya ngano Hanang, kwa msaada wa Kanada, na makumi ya maelfu ya ekari za malisho ya Wabarabaig, ambao ni Wadatoga hawahawa, yakaenda, pamoja na makaburi ya wazee wao. Gari lenye wageni wanaoandika kwenye daftari, wao wanalijua. Nasi tulikuja na gari, wageni na daftari! Tangu siku ile kwenye boma tukaenda kwa miguu, bila daftari, na mbele anatangulia yeye.

Tukageuza utaratibu. Mgeni akija, miezi mitatu ya kwanza yuko chini ya mwinjilisti: anamfuata, hahubiri. Miezi mitatu inayofuata wanafanya pamoja. Kisha anaachiwa, na anakosea, na tunanyamaza. Kuhusu kumwachia mtu, huwa namfikiria William Jones. Alikuwa Myao aliyekombolewa utumwani, akasomeshwa India, akaletwa pwani ya Kenya kutumika Rabai. Mwaka 1885 Askofu Hannington alimweka kuwa shemasi, na mwaka huohuo wakaondoka na msafara kwenda Uganda. Askofu akatangulia na watu wachache, akauawa Busoga. Jones alikuwa ameachwa nyuma, Kwa Sundu, Mumias ya leo, na sehemu kubwa ya msafara. Ndiye aliyewarudisha watu hao mpaka Rabai. Wamisionari wengi wa wakati ule hawakupenda kumwachia Mwafrika hata funguo za ghala, na huyu akabaki na msafara mzima mikononi kwa sababu hapakuwa na mwingine.

Mdogo wangu uliyeniandikia, utaniuliza ubebe nini. Beba viatu vya kutembea na jifunze kusema "sijakubali" kwa lugha ya timu kabla ya kujifunza kuhubiri. Uliza mapema ufunguo unakaa wapi.

Mwaka jana nilirudi Hanang kuwasalimu. Mwinjilisti sasa ndiye kiongozi wa timu, na kulikuwa na kijana mpya kutoka Brazili, mwenye gitaa. Nilimkuta ameketi kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, jua la saa saba, gitaa limebaki nyumbani. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema kwa Kiswahili cha kuokoteza kwamba hajui, ameambiwa akae tu mpaka ng'ombe waishe, na ni siku ya nne. Mwinjilisti alikuwa upande wa pili wa birika anaongea na wazee, hata hakugeuka. Jioni akanitolea karatasi iliyokunjwa, ndani yake risiti mbili na shilingi 1,500. Masurufu yake ya mwezi nilioondoka, alisema, nilikuwa sijasaini.