Mbona Mlipobadilisha Hamkuja Kutuambia?

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Ushauri wa wataalamu kuhusu malezi ya watoto wachanga unatusaidia wazazi, au unatuchanganya?" Nilikuwa nimeshika mkasi, kitambaa cha mteja kiko mezani, nikauweka mkasi chini. Toka asubuhi nalijibu swali hilo peke yangu, na mteja atanisamehe.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, Chang'ombe, hapa Dodoma mjini. Mke wangu ni mtumishi wa serikali, ofisi yao iko Mtumba, kwenye mji wa serikali, mbali na hapa kwetu. Kwa hiyo mtoto wetu wa kwanza, mchana kutwa, alilelewa na watu wawili ambao hakuna mtaalamu aliyewahi kuwaita akawaeleza neno: mimi, na mama yangu mzazi aliyetoka Bahi kuja kumshika mjukuu. Ndiyo maana siwezi kujibu sawasawa na mlivyouliza. Ninyi mnauliza kama ushauri unatuchanganya. Mimi nauliza huo ushauri anaambiwa nani.

Likizo ya uzazi ni siku 84. Kliniki inasema maziwa ya mama peke yake, hata maji usimpe, mpaka atimize miezi sita. Siku 84 hazifiki hata miezi mitatu. Sheria inampa mama ruhusa ya kunyonyesha hadi saa mbili ndani ya muda wa kazi, lakini mtu wa kutoka Mtumba kwa daladala mpaka Chang'ombe, kisha arudi, saa hizo mbili zinaishia barabarani. Mke wangu alikuwa akiamka kabla ya adhana, anakamua, anaacha maziwa kwenye kopo lenye mfuniko, anaondoka. Mabango ya kliniki yanamwonyesha mama mwenye kanga safi anamnyonyesha mtoto na kutabasamu. Sijaona bango lenye bibi mwenye kopo, wala baba mwenye futi shingoni.

Sasa niwaeleze siku yenyewe. Ilikuwa Oktoba 2019, mtoto ana miezi minne na siku kidogo. Mnaijua Oktoba ya Dodoma: upepo wa vumbi, jua limesimama, na wiki ile maji tulikuwa tunayapata kwa mgawo, ndoo zimepangwa mlangoni. Saa nne asubuhi kopo lilikuwa tupu. Mtoto alikuwa amekunywa yote na bado alitaka. Alilia kilio kile cha kukunja magoti. Nilimbeba, nikamwimbia, nikampeleka mpaka kwa jirani anayefuga kuku ili aone kuku. Kuku walimnyamazisha kwa dakika tatu labda.

Niliporudi nilimkuta mama amekaa kwenye kigoda, mbele yake kisufuria cha uji wa uwele, mwepesi, anaupoza kwa kuumimina toka bakuli moja kwenda jingine. Hakusema kitu. Nikamwambia, "Mama, nesi amekataza. Mpaka miezi sita." Nililisema hilo kwa sauti ambayo hadi leo naijutia, kwa sababu nilisema kama mtu anayemsomea mshtakiwa mashtaka.

Mama hakubishana nami. Aliweka bakuli chini, akaenda chumbani, akarudi na mfuko wa plastiki. Kadi za kliniki za watoto wake wote watano anazitunza humo pamoja na kitambulisho chake cha kupigia kura. Akatoa ya kwangu. Karatasi imegeuka rangi ya chai, pembe moja imeliwa na mchwa. Nimezaliwa Agosti 1988. Kwenye mwezi wa Desemba kuna mwandiko wa kalamu ya bluu, herufi zimelala upande mmoja: "Aanzishiwe uji."

"Soma, baba," akaniambia. Nikasoma. "Nani aliandika?" Nikamwambia nesi. "Basi," akasema, "na mimi nilimsikiliza nesi."

Mhariri, hapo ndipo lilipo jambo ambalo swali lenu halikuligusa. Nilidhani pale nyumbani tuna mila upande mmoja na utaalamu upande wa pili, na mimi niko kwa wenye elimu. Kumbe uji wa mwezi wa nne haukuwa mila ya Kigogo. Mama alipewa ushauri huo kliniki, akaushika kwa uaminifu miaka thelathini na moja, na sasa mwanaye anamwona mshamba kwa sababu ya utii wake. Baadaye nilielewa kwamba Shirika la Afya Duniani lilikuwa likishauri miezi minne hadi sita, na ni mwaka 2001 ndipo likasema sita. Mama yangu mwaka 2001 alikuwa ameshafunga uzazi, hakuwa na sababu ya kukanyaga kliniki tena.

Nilimpa mtoto uji. Vijiko saba au vinane, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Akalala.

Tukaendelea hivyo siku zile ambazo kopo halikutosha. Mke wangu sikumwambia, na mama hakumwambia. Baada ya wiki mbili mtoto akaanza kuharisha. Siwezi kuapa kwamba ni uji. Inawezekana ni maji ya ndoo, inawezekana ni mikono yangu yenye nyuzi na vumbi la vitambaa. Lakini mama aliweka kiganja utosini, akaona umebonyea kidogo, dalili ya mtoto kuishiwa maji, akaanza yeye kuniambia twende kliniki.

Kliniki nilikwenda mimi. Nesi, mama mmoja wa makamo aliyekuwa karibu kustaafu, alimning'iniza mtoto kwenye mizani, akatazama mstari wa kadi, akauliza, "Anakula nini?" Nikasema, "Ananyonya tu." Nilidanganya mbele ya mwanangu mgonjwa, naye ananitazama. Nesi akaandika, akatupa dawa ya kuongezea maji na vidonge vya zinki, akanieleza namna ya kumpa. Nilipoinuka akaniuliza bila kuinua kichwa: "Mchana anakaa na nani?" Nikasema bibi yake. "Keshokutwa mje na bibi."

Mama alikuja na ule mfuko wa plastiki. Nesi akamwamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," na nikaona mabega ya mama yanashuka. Kisha mama akatoa ile kadi yangu ya 1988 akaiweka mezani. Nesi akaisoma, akakaa kimya, akasema, "Ni kweli, mama. Tulikuwa tukiwaambia hivyo. Hata mimi nimeandika hivi kwenye kadi nyingi." Akaeleza kwa nini wamebadilisha: mtoto akianza uji mapema ananyonya kidogo, na akinyonya kidogo maziwa ya mama yanapungua, halafu uji unakuja na kikombe, kijiko na maji, na tumbo la miezi minne haliwezi uchafu ambao sisi tunaumeza bila kujua. Alieleza vizuri, pole pole, dakika kumi hivi, na foleni nje inanung'unika.

Mama akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Lawalawa mlitufuata mpaka mikutanoni, chini ya mbuyu, mkatuambia ni ugonjwa wa uchafu, una dawa, tusiwakate watoto wa kike. Tukasikia. Hili la uji mbona mlipobadilisha hamkuja kutuambia?"

Nesi hakuwa na jibu. Alisema, "Kweli, mama," basi. Wasiotoka huku niwaeleze: lawalawa ni maradhi ya sehemu za siri ya watoto, na kwa miaka mingi hapa Dodoma na Singida watu waliamini tiba yake ni kumkeketa mtoto, wengine wangali wachanga. Sheria ya mwaka 1998 ilipiga marufuku kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Nilipomsikia mama akilitaja pale kliniki nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa nimekuja na hasira yangu dhidi ya wataalamu, na yeye, ambaye nilidhani ndiye amedhulumiwa nao, akawa anasema waziwazi kwamba waliwahi kuokoa watoto. Malalamiko yake hayakuwa kwamba wanasema sana. Alilalamika kwamba walifika kwa lile moja, na kwa hili hawakufika.

Nesi akamfundisha mama, si mimi, namna ya kumnywesha mtoto kwa kikombe badala ya chupa, na namna ya kutunza maziwa yaliyokamuliwa. Mke wangu akaongeza kukamua mara moja usiku. (Nilimweleza yote jioni ile. Alilia, kisha akauliza mbona sikumpigia simu, na sikuwa na jibu.) Kopo la pili mama aliliweka nyuma ya mtungi, penye ubaridi, akawa ndiye mlinzi wake. Tulifika miezi sita. Jirani alipokuja na maji ya sukari ya kumtuliza mtoto, ni mama yangu aliyemrudisha mlangoni.

Ya unga wa lishe niyapitie haraka, ingawa najua yatanifanya nisieleweke na wengi. Mtoto alipofika miezi sita mke wangu alinunua sokoni Majengo unga wa mchanganyiko, kama alivyosoma kwenye simu: mahindi, mtama, uwele, ulezi, mchele, soya, karanga, vyote mfuko mmoja, kama kila mama msomi wa mjini anavyofanya. Mama akasema nafaka hizo haziivi pamoja, na karanga inachachisha unga. Yeye anasaga uwele peke yake, karanga anatwanga siku ya kupika. Mtaalamu wa lishe tuliyemuuliza alisema maneno yaleyale, akaongeza habari ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka na karanga: punje chache zenye ukungu zinatosha kuharibu mfuko mzima. Hilo kwetu si la kusimuliwa, mwaka 2016 karibu watu 20 walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu. Kwa hiyo nyumbani kwetu bibi na mtaalamu walikuwa upande mmoja, aliyepotoka alikuwa mke wangu na simu yake. Na simu hiyohiyo ilimwambia mke wangu asimpe mtoto karanga kabisa mpaka miaka mitatu. Nilipofuatilia nikakuta chama cha madaktari wa watoto cha Marekani ndicho kilichotoa ushauri huo mwaka 2000 kwa watoto walio katika hatari ya mzio (aleji), kikauondoa 2008, na mwaka 2015 utafiti wa London ukaonyesha kuwa watoto wa namna hiyo wakianza karanga mapema ndiyo wanapata mzio kwa nadra zaidi. Kule Marekani wameshatoka huko. Mke wangu alikuwa anasoma ushauri uliokufa, kama vile mama alivyokuwa ameshika kadi ya 1988.

Nilianza kuandika nikitaka kusema wataalamu wanatuchanganya, na kwamba bibi asikilizwe. Nimefika hapa na siwezi kulisema. Nikiulizwa leo kuhusu uji wa mwezi wa nne nitasema hapana, na nitamzuia hata mama yangu mwenyewe, ingawa kwa sauti nyingine. Mwaka 2022 watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano Tanzania walikuwa wamedumaa. Mwaka 2015/16 walikuwa 34. Kushuka huko sitaki kukubeza, na sitaki kuwa mtu wa kuwaambia wazazi wafuate moyo wao. Mimi nilifuata moyo wangu saa nne asubuhi, na utosi wa mwanangu ukabonyea. Labda si kwa sababu hiyo. Lakini labda.

Isipokuwa nasema hivi, na hili silegezi: mtaalamu anayempa ushauri mama peke yake, mama ambaye baada ya siku 84 hayupo nyumbani, amempa ushauri mtu ambaye hatautekeleza. Waiteni mabibi. Waiteni na akina baba, mimi nilikwenda kliniki mara nane, na ni mara moja tu nilipoulizwa kitu zaidi ya "mama yake yuko wapi?" Na mkibadilisha, mseme mmebadilisha, na msione aibu kusema zamani mlisema vingine. Yule nesi aliposema "hata mimi nimeandika hivi," ndipo mama yangu alipomwamini.

Huyo binti sasa yuko shule ya msingi, ana afya, anapenda uji wa uwele kuliko chai. Mke wangu ni mjamzito tena, anatarajia mwezi ujao. Juzi mama alipiga simu kutoka Bahi kusema akimaliza kuvuna anapanda gari. Akauliza hali, akauliza bei ya mkaa, kisha akauliza: "Bado ni miezi sita, au wamebadilisha tena?"

Nikamwambia bado ni sita. Jumanne napita kliniki kuuliza.

Fundi, Chang'ombe, Dodoma