Kilimia hakijafunikwa na mtu

SWALI: Babu yangu, mkulima wa Pangani, alinifundisha kukiangalia Kilimia, kile kishada cha nyota. Tangu mwanzo wa Mei sikioni tena. Mtaalamu mmoja wa nyota ameniambia nyota yangu ya Ng'ombe (nilizaliwa tarehe 25 Aprili) imefunikwa, na kupotea kwa Kilimia ndiyo dalili. Anataka shilingi laki tatu aisafishe, na anasema hii ni elimu ya Babeli ya kale. Ni kweli?

JIBU: Usimpe hata senti. Kilimia hupotea kila mwaka wakati huu, kwa takribani siku 40. Nyota huchomoza mapema kwa dakika 4 kila siku, yaani saa 2 kwa mwezi, kwa kuwa dunia inalizunguka jua. Sasa jua liko upande uleule wa Kilimia, na mwanga wake umekimeza. Katikati ya Juni amka kabla ya alfajiri, utazame mashariki. Babu yako aliyajua haya. Ndiyo maana tukarithi methali: "Kilimia kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua."

Kinachoniuma ni hawa watu kuwasingizia wazee wetu. Mkulima aliyekingoja Kilimia hakuwa akikiomba mvua. Kilikuwa kalenda yake, na jina lenyewe limetoka kwenye kulima. Wamisri wa kale nao waliingoja nyota ya Sirius, ambayo kwao hupotea kwa siku 70 hivi. Ilipoonekana tena alfajiri, walijua mafuriko ya Nile yamekaribia. Ni kweli waliiita mungu wa kike, Sopdet, wakampa sifa ya mafuriko ambayo kwa hakika yaliletwa na mvua za nyanda za juu za Ethiopia. Lakini siku walizihesabu sawasawa.

Na Babeli? Sitakuficha: makuhani wa Mesopotamia, nchi ilimokuwa Babeli, walisoma ishara angani. Mwezi ukipatwa, na ishara ikionekana mbaya kwa mfalme, mtu mwingine aliweza kukalishwa kitini kwa muda ili balaa limshukie yeye. Hata hivyo waandishi wa Babeli waliandika kwenye vibao vya udongo walichokiona, usiku baada ya usiku, kwa zaidi ya miaka 500, na kwa hesabu hizo wakagundua kwamba kupatwa kwa mwezi hujirudia baada ya miaka 18 na siku 11. Huyu wa laki tatu ameandika nini? Hata nje hajatoka.

Angetoka, angejua kwamba Babeli iligawa njia ya jua katika sehemu 12 kwenye karne ya 5 kabla ya Kristo, na kwamba tangu hapo mhimili wa dunia umeyumba. Huyumba polepole mno. Mzunguko mmoja huchukua miaka kama 26,000, lakini umeshatosha kuzitenganisha sehemu hizo na nyota zilizozipa majina. Siku hizi, tarehe 25 Aprili, jua liko kwenye nyota za Kondoo. Kwa hiyo hata Ng'ombe anayetaka kukusafishia, jua halikuwamo siku uliyozaliwa.

Barua kama yako hunifikia kila msimu: mama kauza mbuzi, kijana katoa ada ya chuo, wote "nyota imeibiwa". Nyota haiibiki, haififii kwa husuda, wala haioshwi kwa ubani. Kama umeshampa kitangulizi, kidai. Na akikuomba tarehe za kuzaliwa za wanao, usimpe, maana ndiko anakoelekea.